Josho la matumbawe: dakika kumi za dawa, siku 64 za kungoja

Bakuli ni la plastiki, jeupe, la kawaida kabisa, kama lile la kuchanganyia unga wa maandazi. Ndani yake mna maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 24, pampu ndogo inayoyazungusha, na dawa iliyoyatia ukungu mweupe na harufu ya msonobari. Fundi amevaa glavu. Analishika tumbawe kwa vidole viwili. Lina matawi mafupi ya hudhurungi na ukubwa wake ni wa kidole gumba. Analizamisha, kisha anaanza kulipulizia maji kwa bomba la mpira, tawi baada ya tawi. Dakika ya kwanza inapita bila kitu. Dakika ya tatu, kile kilichoonekana kuwa sehemu ya ngozi ya tumbawe kinajikunja pembeni, kinabanduka na kuelea. Halafu kingine. Halafu vinne kwa mpigo. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia, unaona kwamba vina macho.

Mfugaji wa Monduli au Kajiado hahitaji maelezo marefu kuhusu kazi hii. Bakuli lile ni josho. Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani haingii zizini na kupe wake, na tumbawe lililotoka tangi moja haliingii tangi jingine na minyoo wake. Lakini kupe hutaga mayai yake ardhini, si mgongoni mwa ng'ombe. Mnyoo wa tumbawe huyagandisha mayai yake kwenye mfupa wa tumbawe lenyewe, na dawa hupita juu yake bila kuyadhuru. Ndiyo maana josho la matumbawe huanza kwa bakuli na kumalizikia kwenye kalenda.

Mnyama mwenye wapangaji wengi

Watu wa pwani wanayajua matumbawe tangu zamani. Misikiti ya Kilwa Kisiwani, majumba ya Lamu na kuta za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe yake. Lakini tumbawe likiwa hai si jiwe, wala si mmea. Ni kundi la wanyama wadogo wanaoitwa polipu, kila mmoja ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, na wote kwa pamoja wanajenga mfupa wa chokaa chini yao. Ndani ya nyama zao mnaishi mwani wa seli moja unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenye nyumba.

Nyumba hiyo ina wapangaji. Katikati ya matawi hujificha kaa, kamba wadogo, konokono, minyoo na samaki wachanga. Wengi hawana madhara, na wengine ni walinzi. Wachache wanakula nyama ya tumbawe, lakini baharini nao wana wa kuwala: samaki wenye midomo myembamba wanaodonoa siku nzima, na kamba wanaopekua nyufa usiku.

Ndani ya tangi la kioo mizani hiyo huvunjika. Maji yana joto lilelile mwezi hadi mwezi, matumbawe yamepangwa yakikaribia kugusana, na adui wa mnyoo hayumo. Mnyoo mmoja aliyeingia akiwa amejibandika chini ya tawi anaweza kuanzisha kizazi kitakachomaliza kundi zima la matumbawe. Mwenye tangi huanza kugundua rangi inapopauka, akidhani taa zimechoka au chumvi imezidi, na kufikia hapo kwa kawaida minyoo wameshasambaa.

Safina za kioo

Zamani hasara hiyo ilikuwa ya mtu mmoja na sebule yake. Leo mambo ni mazito zaidi, na Florida, kusini-mashariki mwa Marekani, inaonyesha sababu.

Mwaka 2014 ugonjwa mpya ulionekana kwenye matumbawe karibu na Miami. Ulikuwa ukila nyama ya matumbawe magumu na kuacha mfupa mweupe, na kundi lililochukua karne kukua lingeweza kufa katika wiki au miezi michache. Ulishambulia zaidi ya spishi 20, ukaenea kwenye mwamba wote wa Florida na kuvuka hadi Jamaika, Meksiko, Belize na Bahamas. Wapiga mbizi walijaribu kuokoa makundi makubwa kwa kupaka ukingo wa vidonda malhamu iliyochanganywa na amoksilini, dawa ileile inayouzwa katika kila duka la dawa la mtaani kwetu. Ilisaidia tumbawe mojamoja. Haikuweza kuuzuia ugonjwa usisambae.

Kuanzia mwaka 2018, serikali ya jimbo, idara ya shirikisho ya uvuvi wa baharini na chama cha bustani za wanyama na akwariamu za Marekani viliungana kufanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kwa ukubwa huo: kuyatoa baharini matumbawe yaliyokuwa bado mazima, mbele ya ugonjwa, na kuyahamishia kwenye matangi ya nchi kavu. Zaidi ya matumbawe 2,000 yaliondolewa. Mengine yalipelekwa Orlando, kwenye kituo maalumu kilichofunguliwa mwaka 2020. Mengine yalisafiri hadi Texas na hata majimbo ya bara yasiyogusana na bahari, yakawekwa kwenye maji yaliyotengenezwa kwa chumvi ya gunia.

Mojawapo ni tumbawe nguzo, Dendrogyra cylindrus, linalosimama wima kama minara. Mwaka 2022 liliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwezi Agosti 2019, wataalamu wa Florida Aquarium, wakisaidiana na wenzao wa makumbusho ya Horniman ya London, walifanikiwa kulifanya litage maabara, kwa kuiga ndani ya tangi majira ya joto, mwanga wa mwezi na saa za machweo.

Kisha ukaja msimu wa kiangazi wa mwaka 2023. Mwezi Julai, kipimo kimoja kwenye ghuba ya kina kifupi ya Manatee kilisoma zaidi ya nyuzi 38, joto la maji ya kuoga. Vikundi vinavyofuga matumbawe kwenye vitalu vya baharini vilikimbia kuyaokoa, na maelfu ya vipande vya matumbawe ya Acropora vilipandishwa kwenye mashua na kupelekwa kwenye matangi ya nchi kavu, yakiwemo ya Keys Marine Laboratory. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Science ulionyesha kilichoyapata yale yaliyobaki baharini: kwenye visiwa vya Florida Keys na Dry Tortugas, kati ya asilimia 98 na 100 ya makundi ya spishi mbili za Acropora yalikufa. Machache yaliyosalia hayatoshi tena kujenga mwamba.

Kwa hiyo tangi la Orlando au la Texas si pambo. Ni ghala la mbegu. Na Acropora ndiyo chakula pekee cha yule mnyoo mwenye macho.

Mnyoo aliyejulikana kioo kwanza, bahari baadaye

Wafugaji wa matumbawe walimjua mnyoo huyu kwa miaka mingi kabla hajapewa jina. Mwaka 2011 mtafiti Kate Rawlinson na wenzake walimwelezea rasmi kisayansi, wakitumia minyoo waliotoka kwenye akwariamu. Kwa wakati huo hakuna mwanasayansi aliyekuwa amemwona baharini. Ilikuwa mwaka uliofuata, 2012, ripoti ilipotoka kwamba amepatikana kwenye Acropora za kisiwa cha Lizard, kaskazini mwa mwamba mkuu wa Australia. Jina lake la sasa ni Prosthiostomum acroporae.

Kuchelewa huko hakushangazi ukijua anavyojificha. Anapokula nyama ya tumbawe anameza pia ule mwani wa seli moja, nao hubaki hai kwa muda ndani ya utumbo wake uliosambaa mwili mzima. Anameza hata rangi zinazong'aa za tumbawe. Mwili wake ni mwembamba kama ganda la kitunguu na karibu upitishe mwanga, basi rangi ya alichokula inakuwa rangi yake. Akihamia tumbawe jingine, anabadilika taratibu hadi kufanana nalo.

Anachoacha nyuma ni alama za kuumwa: madoa ya mviringo yaliyopauka, yaliyojipanga kwenye tawi kama muhuri uliogongwa mara nyingi. Kidokezo cha pili ni mayai. Yako kwenye sehemu za mfupa zisizo na nyama, mara nyingi karibu na kitako, katika shada la vifuko vya rangi ya dhahabu iliyokolea vinavyoweza kuzidi 20, na ndani ya kila kifuko mna viinitete kadhaa. Ganda la kifuko ni gumu. Dawa inayomfanya mama ajikunje na kuanguka katika dakika tatu haiwafikii watoto waliomo ndani.

Hesabu ya siku

Kwa muda mrefu wafugaji walirudia josho kwa kubahatisha: wengine kila wiki, wengine kila wiki mbili, wakiacha pale walipochoka. Mwaka 2019 kundi la watafiti likiongozwa na Jonathan Barton wa Chuo Kikuu cha James Cook, Townsville, lilichapisha hesabu iliyokuwa ikikosekana. Waliwafuga minyoo hao makusudi, wakawagawa kwenye maji ya joto la nyuzi 21, 24, 27 na 30, na kufuatilia kila hatua ya maisha yao.

Kwenye nyuzi 27, mayai yalianguliwa kwa wastani wa siku 11. Muda mfupi kabisa wa kupata kizazi kipya, kutoka yai hadi mnyoo anayeweza kutaga, ulikuwa siku 38. Kwenye nyuzi 24, tofauti ya nyuzi tatu tu, kizazi kilichukua siku 64. Vitoto vilivyoanguliwa vinaweza kuogelea pamoja na kutambaa, na bila tumbawe la kula baadhi yavyo viliishi hadi siku tisa. Siku tisa zinatosha kuvuka kutoka tangi hadi tangi pale ambapo maji yanazunguka kwenye mabomba ya pamoja.

Hesabu hiyo inatoa kanuni mbili za kazi. Ya kwanza ni kwamba josho moja halitoshi kamwe, kwa sababu mayai yanabaki. Josho la pili linapaswa kuja baada ya mayai kuanguliwa na kabla vitoto havijakomaa vikataga mengine: kwenye nyuzi 27, dirisha hilo liko kati ya wiki ya pili na ya tano. Ya pili ni kwamba kipimajoto ndicho kinachoamua urefu wa karantini. Anayeweka maji baridi kidogo akidhani anawadumaza minyoo, kwa kweli amejiongezea karibu wiki nne za kungoja.

Kazi yenyewe

Fundi makini huanza kabla mfuko wa safari haujafunguliwa. Mfuko huelea kwenye maji ya karantini hadi joto lilingane. Maji yaliyosafiri na tumbawe hayaingizwi tangini. Yana uchafu wa njia nzima na huenda yana wageni.

Mabakuli huwa matatu au manne, yamepangwa mstari mmoja. La kwanza lina dawa. Yanayofuata yana maji safi ya chumvi ya kusuuzia. Kiasi cha dawa na dakika hufuata maelekezo ya chupa, mara nyingi kati ya dakika tano na 15, na saa huwekwa, haikadiriwi. Muda wote huo pampu au bomba la mpira linaendelea kupuliza, kwa kuwa dawa nyingi hazimuui mnyoo papo hapo; zinamlegeza tu ashindwe kung'ang'ania. Bila nguvu ya maji atabaki amelala kwenye ufa, na akirudishwa kwenye maji safi huenda akazinduka.

Dawa zenyewe ni za aina nyingi, na nyingine zina sura zinazofahamika. Kuna zenye mafuta ya mimea, kama ile ya harufu ya msonobari. Kuna iodini, inayosaidia zaidi dhidi ya bakteria kwenye majeraha. Kuna levamisoli, ambayo wafugaji wa mbuzi na kondoo wa Afrika Mashariki huwanywesha mifugo kila mwaka dhidi ya minyoo. Kwenye matumbawe huwekwa kwenye maji ya josho. Wapo wanaotumia dawa za kuua wadudu wa bustani zenye imidaklopridi. Hizo huangusha wadudu kweli, lakini ni sumu kwa kamba na kaa hata zikiwa kidogo mno, hazikutengenezwa kwa ajili ya wanyama wa baharini, na anayezishika bila glavu anajihatarisha mwenyewe.

Baada ya kusuuza, tumbawe linawekwa chini ya taa kali na kukaguliwa kwa kioo cha kukuzia, na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko yote. Chini ya kitako kidogo cha saruji ambacho tumbawe limegandishwa juu yake, kwenye ncha iliyokufa ya tawi, ndani ya mkato wa msumeno, fundi anatafuta shada la dhahabu. Akiliona, analikwangua kwa kijiti cha chuma na kusugua kwa mswaki wa zamani. Wengi hawabahatishi hata hivyo: wanakikata kitako chote kwa koleo, pamoja na kila sehemu ya mfupa isiyo na nyama, wanakitupa, na kulipanda tumbawe kwenye kitako kipya kwa gundi ya jeli. Kipande kinapungua ukubwa, lakini zile sehemu ambazo mnyoo hupenda kutagia zimeondoka.

Kutoka hapo tumbawe linaingia kwenye tangi la karantini, na tangi zuri la karantini halipendezi: sakafu tupu isiyo na mchanga, hakuna mawe, hakuna bomba linaloliunganisha na mfumo mwingine. Ndoo yake ni yake peke yake, na wavu wake ni wake. Fundi huhudumia matangi makuu kwanza na karantini mwisho, ili mikono yake isibebe kitu kurudi nyuma.

Wageni wengine

Mnyoo bapa si peke yake. Kwenye Acropora hukaa pia Tegastes acroporanus, kijidudu cha jamii ya kamba kisichozidi nusu milimita, cha manjano chenye doa jekundu. Kwa macho makali kinaonekana kama punje ya pilipili iliyosagwa inayotembea juu ya ute wa tumbawe. Tumbawe lenye wadudu hao huficha polipu zake na kupoteza rangi. Dawa iliyothibitika kwa wafugaji ni milbemisini, ambayo madaktari wa mifugo huwapa mbwa dhidi ya minyoo ya moyo. Inawaua wadudu hao kabisa, na inawaua kamba na kaa wote walio kwenye maji hayohayo.

Matumbawe ya Montipora, yanayokua kama sahani zilizopangwa, yana adui mwingine: koa mweupe wa milimita chache anayetaga upande wa chini wa sahani, mahali ambapo mwenye tangi hapaoni. Huyu naye alikaa akwariamu miaka mingi bila jina, hadi mwaka 2020 alipoelezewa kisayansi kwa kutumia koa waliotoka kwenye biashara ya akwariamu. Waliompa jina walimwita Phestilla subodiosa, neno la Kilatini lenye maana ya kuchukiza kidogo. Kama yule mnyoo, mayai yake hayadhuriki kwa josho.

Kuna anemoni wa Aiptasia, anayeingia akiwa nukta ya kahawia na kuzaana hata kwa kipande kilichokatika cha mguu wake. Ukimkata kwa hasira unamzidisha. Kuna na ugonjwa ambao tumbawe lenyewe hauliumi kabisa: madoa meupe ya samaki, unaoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Kifuko chake hujigandisha kwenye kitu chochote kigumu, ikiwemo kitako cha tumbawe, na vimelea vinaweza kutoka siku ya tatu au kuchelewa hadi ya 72. Ndiyo maana wafugaji wengi huhesabu siku 76 bila samaki kabla ya kulihamishia tumbawe jipya kwenye tangi lenye samaki.

Kaa mlinzi

Si kila anayeanguka bakulini ni adui. Katikati ya matawi ya Acropora na Pocillopora, hata kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, huishi kaa wadogo wanaong'aa wa jamii za Tetralia na Trapezia. Hula ute wa tumbawe na kusafisha mchanga unaotua juu yake. Akija yule kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe, kaa hao humfinya miguu ya mirija hadi ageuze njia. Josho linawaua dakika ya kwanza. Fundi anayewajua huanza kwa kupenyeza kijiti laini kati ya matawi, anawatoa mmoja mmoja kwenye bakuli la maji safi, na kuwarudisha baada ya tumbawe kusuuzwa vizuri.

Tumbawe nalo lina kikomo chake. Dawa ikizidi, au dakika zikiongezwa kwa matumaini kwamba ziada inasafisha zaidi, linaanza kutoa ute mzito, nyama inalegea na kubanduka kutoka kwenye mfupa. Lililotoka safari ya saa 30 ndani ya mfuko tayari limechoka. Wataalamu wengi huliacha lipumzike karantini siku moja au mbili kabla ya josho, mradi linapumzika peke yake. Lenye jeraha bichi la kukatwa huvumilia iodini laini kuliko dawa kali.

Ipo njia ya kusaidiana na viumbe pia. Kundi lilelile la Townsville lilijaribu kuwaweka pamoja na matumbawe yaliyoambukizwa kamba mdogo wa jamii ya Lysmata na samaki mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Kamba alikula vifuko vya mayai ambavyo dawa haikuvigusa, na samaki alidonoa minyoo. Wote wawili walipunguza idadi, na wanafaa sana kuwekwa kwenye tangi la kudumu. Lakini hakuna aliyechukua nafasi ya karantini.

Maji yanayomwagwa

Baada ya josho hubaki bakuli lenye dawa, minyoo waliolegea na vipande vya mwani. Haliendi tena tangini. Haliendi kwenye mtaro wa mvua pia, kwa kuwa mtaro wa mvua katika mji wa pwani huishia baharini. Hutiwa klorini, huachwa hadi kila kilichomo kife, ndipo humwagwa kwenye mfumo wa maji taka.

Bahari imeshawahi kulipa gharama ya uzembe wa aina hiyo. Mwaka 1984, mwani wa kitropiki wa Caulerpa taxifolia, aina iliyokuwa ikifugwa kwenye akwariamu za Ulaya, ulionekana chini ya maji karibu na Makumbusho ya Bahari ya Monaco. Ulikuwa umefunika takriban mita moja ya mraba. Baadaye ulifunika maelfu ya hekta za Mediterania, ukizinyima nafasi nyasi za baharini ambamo samaki huzaliana. Mwaka 2000 mwani huohuo ulipatikana kwenye lagoni ya Agua Hedionda, California. Safari hii hawakungoja: waliufunika kwa maturubai, wakapuliza klorini chini yake, na mwaka 2006 wakatangaza umekwisha. Gharama ilizidi dola milioni saba. Nchini Venezuela, tumbawe laini kutoka Asia, Unomia stolonifera, linalohusishwa na biashara ya akwariamu, limefunika sehemu za mwamba wa hifadhi ya Mochima na kuua matumbawe ya asili.

Florida inalijua hilo. Matumbawe yaliyokuzwa kwenye matangi hukaguliwa afya kabla ya kuruhusiwa kurudi kwenye mwamba. Josho linalofanywa tumbawe linapoingia ndani linayalinda matumbawe machache ya tangi. Ukaguzi wakati wa kutoka unailinda bahari nzima.

Wasini, bila kioo

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki matumbawe mengi yanayopandwa upya hayapiti tangini kabisa. Wasini, kusini mwa Kenya, wanakijiji kwa ushirikiano na watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi wamekuwa wakiotesha vipande kwenye vitalu vya baharini na kuvihamishia kwenye mwamba ulioharibika. Karibu na kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, kazi kama hiyo inaendelea. Huko hakuna bakuli wala msonobari, lakini swali ni lilelile: kipande hiki kinabeba nini kwenda mahali kipya?

Mgeni anayetafutwa huko ni Drupella, konokono wa ukubwa wa kifundo cha kidole anayekula nyama ya tumbawe usiku na kujibanza kwenye vitako mchana. Tim McClanahan, aliyechunguza miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, aliandika kuhusu ongezeko lake pale ambapo uvuvi umewamaliza samaki wanaomla. Dawa yake ni mikono. Wapiga mbizi hukigeuza kila kipande, hulitafuta doa jeupe jipya, humbandua konokono kwa koleo na kumtia mfukoni, kisha ndipo kipande kifungwe kwenye mwamba. Hakuna maji ya kumwaga, na hakuna kaa mlinzi anayekufa.

Chumba cha matangi ni kimya zaidi kuliko huko baharini. Siku ya 38, taa kubwa zimezimwa, fundi anapitisha tochi yenye mwanga mwekundu juu ya tangi la karantini. Lile tumbawe la hudhurungi limefungua polipu zake zote, na ncha za matawi zimeota ukingo mweupe mwembamba wa mfupa mpya. Hakuna alama ya muhuri. Ameshalipitisha kwenye bakuli mara tatu, na mara mbili za mwisho hakuna kilichoanguka. Anamulika kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo. Kinasoma 24, si 27. Analiacha tumbawe pale lilipo, anazima tochi, na kwenye kalenda iliyotundikwa mlangoni duara jekundu bado limeizunguka siku ya 64.